Tembo wa Chuma kwenye Theluji ya Magadi

Katika filamu The Empire Strikes Back, iliyotoka mwaka 1980, kuna vita vinavyopiganwa juu ya theluji. Waasi wamejichimbia kwenye mahandaki, macho yao yakiwa mbali, na huko mbali zinajitokeza mashine za miguu minne, ndefu kama majengo ya ghorofa, zikija upande wao. Hazina haraka. Mguu unanyanyuka, unaning'inia kidogo hewani, unashuka, kisha mwili mzima unauegemea kabla mguu mwingine haujathubutu kubanduka ardhini. Hakuna anayemtajia mtazamaji tani za mashine hizo, na hahitaji kutajiwa. Anaziona.

Tani zenyewe hazikuwepo. Kielelezo kikuu kilichopigwa picha kilikuwa na kimo cha takriban nusu mita. Theluji ilikuwa magadi ya kupikia yaliyochanganywa na vijitufe vya kioo vidogo kama vumbi. Milima na mawingu ya nyuma yake yalikuwa michoro ya rangi. Mwendo ule mzito ulitoka kwenye vidole vya watu wachache wa kampuni ya Industrial Light & Magic huko California, wakiongozwa na Phil Tippett na Jon Berg. Waliisogeza mashine kidogo sana, wakajitoa mbele ya kamera, wakapiga picha moja, wakarudi, wakaisogeza tena. Sekunde moja ya filamu inakula picha 24. Sekunde tano zinakula 120, na katika kila moja ya hizo miguu yote minne, kichwa na shingo vinatakiwa viwe pale pale panapostahili.

Magadi nayo hayasamehe. Ukiyagusa kwa kiwiko alama inabaki, na kwenye pazia la sinema itaonekana kana kwamba theluji imejifinyanga yenyewe. Ndiyo maana jukwaa lilitobolewa matundu yenye vifuniko. Mhuishaji, yaani fundi anayeisogeza mashine, alipita chini kwa chini, akaibuka katikati ya theluji karibu na mashine yake, akafanya kazi yake, akazama tena na kufunika.

Naomba nikae kidogo kwenye viungo, kwa sababu hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo na watazamaji hawapaoni kamwe. Ndani ya kielelezo cha namna hii mna kiunzi cha chuma. Mahali pa goti, nyonga au bega pana bawaba, au tufe dogo lililobanwa kati ya vibao viwili vya chuma kwa skrubu. Kiungo kikilegea, mguu unashuka polepole kwa uzito wake mwenyewe kati ya picha moja na nyingine. Kikikazwa kupita kiasi, unasukuma goti na kujikuta umesogeza hata nyonga. Fundi hukaza nusu mzunguko, hujaribu, hulegeza robo, hujaribu tena, mpaka kiungo kinashika palepale kinapoachwa lakini kinakubali kidole kikikibembeleza. Kisha mhuishaji anakuja na tatizo lake: mguu ulikuwa wapi kwenye picha iliyopita? Wakongwe wa kazi hii waliazima kifaa cha karakana za vyuma, kijiti chenye ncha kinachosimama juu ya kitako kizito. Ncha inawekwa ikigusa karibu na goti. Goti linasogezwa, pengo kati yake na ncha linapimwa kwa jicho, kijiti kinaondolewa, picha inapigwa. Pengo likizidi mashine inaharakisha, likipungua inasita. Uzito wote tunaouona umo kwenye mapengo hayo.

Mwendo wenyewe waliuazima kwa tembo. Walimpiga filamu tembo hai aliyefugwa California, wakaichunguza picha kwa picha. Hapa msomaji wa kwetu ana bahati. Aliyewahi kusimamisha gari kwenye barabara kuu inayokatiza hifadhi ya Mikumi ili kuwapisha tembo ameuona mwendo huu kwa macho yake, ingawa pengine hakuhesabu miguu. Safari nyingine ahesabu. Mguu wa nyuma wa kushoto hutangulia, wa mbele wa kushoto hufuata. Halafu nyuma kulia, mbele kulia. Unyayo wa nyuma hutua karibu kabisa na pale ulipobanduka wa mbele. Miguu yenyewe husimama wima chini ya mwili kama nguzo, kwa sababu mnyama mzito hawezi kumudu kutembea amejikunja magoti. Galileo aliliandika jambo hilo mwaka 1638: mnyama akikuzwa, uzito wake unaongezeka upesi kuliko unene wa mifupa yake, kwa hiyo mnyama mkubwa hawezi kuwa mnyama mdogo aliyetanuliwa tu. Lazima aumbwe upya. Tembo hata akitimua mbio haachi ardhi kwa miguu yote minne kwa pamoja kama farasi anavyofanya.

Kinachonifurahisha ni kwamba wahandisi wa roboti walifika mahali pale pale kwa njia ya hesabu. Mwaka 1968 Robert McGhee na Andrew Frank walichapisha uchambuzi wa namna chombo cha miguu minne kinavyoweza kutambaa bila kuanguka hata kikienda polepole sana. Sharti lao ni rahisi kulielewa: mguu mmoja ukiwa hewani, mitatu iliyobaki lazima iubebe mwili kama mafiga yanavyobeba chungu, na kitovu cha uzito kisitoke nje ya pembetatu ile. Kisha wakatafuta ni mpangilio upi wa miguu unaoacha nafasi kubwa zaidi ya usalama. Ukatokea ule ule wa wanyama: nyuma, kisha mbele upande ule ule, kisha upande wa pili. Mwaka huohuo kampuni ya General Electric ilikuwa na lori lake la kutembea, kazi ya mhandisi Ralph Mosher, lenye uzito wa zaidi ya tani moja. Mtu aliketi ndani yake na kuendesha miguu ya mbele kwa mikono yake, ya nyuma kwa miguu yake, huku mitambo ya haidroliki ikimrudishia mikononi hisia ya kile ambacho mashine imekigusa. Lilitembea kweli, lakini lilimchosha vibaya dereva. Kutembea kwa miguu minne kwa kufikiria kila mguu ni kazi ambayo ubongo wa binadamu haukuandaliwa kuifanya.

Joe Johnston, aliyezichora mashine za kwenye theluji, alikuwa ameona mchoro wa msanii Syd Mead wa lori la namna hiyo, uliotengenezwa kwa ajili ya kampuni kubwa ya chuma ya Marekani. Kwa hiyo katika kiumbe kimoja palikutana ndoto ya wahandisi, mwili wa mnyama na subira ya fundi wa vielelezo. Lakini kukutana hakutoshi. Mtu asiye na jicho angechukua kila kitu cha tembo na kukifunika kwa bati. Tippett na wenzake walijua cha kumnyima. Tembo ana pedi nene ya mafuta chini ya unyayo, kwa hiyo hutua kimya na mguu wake hubonyea. Mashine ilinyimwa pedi. Unyayo wake ni sahani ngumu. Tembo ana mgongo unaoyumba, ngozi inayotikisika, masikio, mkonga usiotulia. Vyote vilizuiwa. Kilichobaki ni mpangilio wa hatua, kule kuhamisha uzito kabla ya kunyanyua, na kichwa kinachogeuka peke yake huku mwili ukiendelea na safari. Kiumbe cha chuma hujulikana kwa yale kisiyoweza kuyafanya, na kazi ya msanii ni kuchagua kutoweza huko kwa uangalifu.

Njia yao ya kazi nayo iliwasaidia kwa namna ambayo sikuielewa haraka. Filamu iliyopigwa picha moja moja ina kasoro inayojulikana: kila picha ni kali mno. Mnyama halisi akipita mbele ya kamera, mguu wake unaacha ukungu mdogo wa mwendo kwenye kila fremu, na jicho letu huunganisha ukungu na ukungu likaona utelezi. Kielelezo kilichosimama tuli wakati wa kupigwa picha hakina ukungu, kwa hiyo mwendo wake unakatika-katika. Kwa joka au sokwe hilo ni doa. Kwa mashine yenye pistoni ni lafudhi yake. Tunaukubali ule mkwaruzo kwa sababu tunategemea chuma kikwaruze.

Mwaka uliofuata, katika filamu Dragonslayer ya 1981, Tippett alihitaji joka la nyama, na doa likarudi kuwa doa. Suluhisho lililopatikana ni la kiroboti moja kwa moja: viungo vya joka viliunganishwa kwa fimbo na mota zilizoongozwa na kompyuta, na mota zikawa zinakisogeza kielelezo wakati ule ule ambao filamu inapigwa mwanga. Ukungu ukapatikana. Kielelezo hakikuwa tena kinapigwa picha kikiwa tuli; kilikuwa kinatembea, kwa mwendo mdogo sana, mbele ya kamera iliyo wazi.

Kwa mwanguko, hata hivyo, huwezi kutumia vidole. Mvutano wa dunia haujui kwamba kielelezo ni kidogo. Unakivuta kwa kasi ile ile, kwa hiyo kidude cha nusu mita kikianguka kinafika chini kwa kufumba na kufumbua, na udogo wake unafichuka hapo hapo. Mafundi wana hesabu yao: chukua kipeuo cha pili cha ukubwa unaotaka kuuigiza. Kielelezo kikiwa sehemu moja ya 25 ya kitu halisi, kamera iende mara tano zaidi, picha 120 kwa sekunde, kisha ionyeshwe kwa 24. Sasa mwanguko unachukua muda ambao jengo lingechukua kuanguka. Mashine ya kwenye theluji inapofungwa miguu kwa kamba na kuporomoka kifudifudi, kilichopigwa picha ni kielelezo kikubwa zaidi na kamera ya kasi. Hesabu ni ile ile inayofanya panya apeleke miguu haraka na twiga apeleke polepole: mguu mrefu hubembea taratibu. Mhuishaji anayelijua hilo hahitaji kuambiwa kiumbe chake kiwe na kasi gani. Anapima urefu wa mguu, anajua.

Ukirudi nyuma karibu na mwanzo wa haya yote utafika kwa mdudu. Ladislas Starewicz alikuwa mkuu wa jumba la makumbusho ya viumbe huko Kaunas, Lithuania. Alitaka kupiga filamu mbawakawa wenye pembe wakipigana, jambo wanalolifanya usiku, lakini akiwasha taa walikataa kupigana. Basi mnamo mwaka 1910 akachukua mbawakawa waliokufa, akawaunganishia miguu kwa waya na nta, akawapiganisha mwenyewe, picha moja baada ya nyingine. Sidhani kama kuna mfano safi zaidi wa ufundi huu. Mwili ni wa asili kabisa, viungo ni vya fundi, na uhai umetoka kwa mtu aliyekuwa amewatazama wadudu walio hai kwa muda mrefu kabla hajawashika waliokufa.

Kutazama huko ndiko kulikomwokoa Tippett ilipokuja Jurassic Park, filamu ya mwaka 1993. Mwongozaji Steven Spielberg alikuwa amepanga dinosaria wake wa mbali wafanywe kwa vielelezo vyenye mota. Kisha Steve Williams na wenzake wa Industrial Light & Magic wakatengeneza kwa kompyuta kiunzi cha mifupa ya Tyrannosaurus kinachotembea, na waliokiona wakajua kwamba zama zimebadilika. Tippett aliamini kazi yake imekwisha. Lakini waliojua kompyuta hawakuwa na miaka yake ya kuwatazama wanyama, na waliojua wanyama walikuwa na vidole vilivyofunzwa na chuma, si na kipanya cha kompyuta. Craig Hayes, mbunifu aliyefanya kazi na Tippett, ndiye aliyeongoza kutengeneza daraja. Walijenga kiunzi cha chuma cha dinosaria kama viunzi vya zamani, ila katika kila kiungo wakaweka kihisi kinachosoma pembe yake na kuipeleka kwenye kompyuta. Mhuishaji anakunja goti la chuma mezani, na kwenye skrini goti la mnyama linakunjika. Ule ustadi wa kubembeleza kiungo, ambao ungeweza kutupwa pamoja na zama zake, ukaingia kwenye kompyuta bila kupotea njiani. Baadhi ya picha za mnyama mkubwa barabarani kwenye mvua, na za wale wadogo wakali jikoni, zilipita kwenye mikono hiyo. Mwaka 1997 Hayes na wenzake walipewa tuzo ya kiufundi ya Oscar kwa kifaa hicho, na walistahili.

Karakana ya Stan Winston, upande wa pili wa filamu ile ile, ilikuwa ikifanya kinyume chake. Walijenga mnyama mzima mwenye urefu wa takriban mita 12 na uzito wa karibu tani nne, akiendeshwa kwa haidroliki. Waliomwendesha walishika kielelezo kidogo cha kiunzi chake. Walichokifanya kwenye kidogo, kikubwa kilikirudia. Mvua ya kuigiza ilimpa taabu: ngozi yake ya mpira ilinyonya maji, uzito ukaongezeka kuliko mitambo ilivyotarajia, akaanza kutetemeka, ikabidi wamkaushe kati ya picha na picha. Kwa hiyo filamu moja ilikuwa na chuma kidogo kinachoongoza mwanga na chuma kidogo kinachoongoza chuma kikubwa, na mtazamaji haoni mahali kimoja kinapokoma na kingine kuanza.

Na asili ilikuwa na msimamizi wake pale. Katika majaribio ya kwanza ya Tippett, wanyama wale wa jikoni walitoa ndimi kama nyoka. Jack Horner, mtaalamu wa visukuku aliyeshauri filamu hiyo, alikataa. Viumbe hawa alikuwa akiwaona karibu na ndege kuliko mijusi. Ulimi ukaondoka. Badala yake mnyama anasogeza pua kwenye kioo cha mlango na pumzi yake inakifunika ukungu, dalili ya damu yenye joto. Hiyo ni nafuu kubwa. Ulimi ungetutisha kwa sekunde moja, wakati ile pumzi inatuambia kuna mwili mzima nyuma ya mlango, unaofanya kazi zake za ndani hata usipofanya lolote.

Kanuni hiyo ya kunyima imepita kutoka kizazi kimoja cha zana hadi kingine. Katika WALL-E, filamu ya Pixar ya mwaka 2008, roboti mkuu ni kisanduku cha kukusanya na kushindilia taka. Wahuishaji walibishana kama apewe viwiko. Kiwiko kingemrahisishia mhuishaji maisha yake: mkono unaokunjika unaweza kujikuna kichwa, kukumbatia, kukata tamaa. Uamuzi ukawa hapana. Aliyemtengeneza roboti huyu alimtengeneza avute taka ziingie tumboni, na kwa kazi hiyo mkono unaoteleza kwenye reli ubavuni unatosha. Kila hisia anayoionyesha kwa mikono ile imepatikana kwa shida, na ndiyo maana inagusa. Macho yake yalitokana na darubini ya macho mawili ambayo mwongozaji Andrew Stanton aliishika akitazama mchezo wa besiboli. Akaigeuza na kuona kwamba ikikunjwa katikati tu, uso unahuzunika. Hakuna nyusi wala mdomo. Bawaba moja.

Siku hizi njia inaanza kupitwa kwa kurudi nyuma. Maabara ya utafiti ya Disney huko Zürich ilionyesha mwaka 2023 roboti ndogo ya miguu miwili, isiyofika hata kiunoni mwa mtu mzima, iliyoanza kama kazi ya wahuishaji. Wao ndio waliochora inavyonesa ikitembea, inavyoinamisha kichwa, inavyofurahi kwa mwili mzima. Kisha roboti ya kuigiza, ndani ya kompyuta, ikafunzwa kwa kujaribu na kuanguka mara zisizohesabika, mpaka ikaweza kuufuata mchoro ule kadiri mizani yake inavyoruhusu. Hapo mpango wa zamani umegeuka. Tippett alihitaji kuifanya meza ya magadi ionekane ina mvutano wa dunia. Hawa wana mvutano wenyewe, na haukubali kudanganywa. Mhuishaji akichora hatua nzuri isiyowezekana, mota zitaikataa, na kitakachotokea sakafuni ni mapatano kati ya alichotaka yeye na kilichoruhusiwa na uzito. Na mbele ya watoto roboti hiyo bado haiamui yenyewe. Pembeni kuna mtu ameshika kidhibiti mkononi, akichagua lini inyanyue kichwa na lini isimame.